Rangi ya Kahawia Kwenye Kibofu cha Mzee Masanja

Vijana wa maabara mmeniomba niwaandikie miaka yangu ya kazi, mkaongeza, "Kwa kifupi tu, mzee." Kifupi sikiwezi. Mtu aliyekata nyama za binadamu kwa wembamba wa kuonea hadubini tangu ujana hadi mvi ana haki ya kurefusha maneno. Vyeo vyangu vimo kwenye faili la utumishi, anayevitaka akavisome huko. Mshahara nao uliisha kila mwezi kabla sijauzoea, kwa hiyo hauna habari. Nitaandika kazi.

Kwanza niseme hili mwenyewe, msije mkalisikia kwa wengine: sina digrii. Nina diploma, moja tu, niliyoipata bila mjomba wizarani na bila baba wa kunilipia chumba. Najua mnaniita Mzee Diploma badala ya Mzee Deo, mkidhani sisikii. Nasikia, na jina nalipenda. Wenye digrii zao wamekuja na kuondoka katika bonde hili, na mashine ya kukatia nyama bado inaitikia mkono wangu.

Nilizaliwa Kiberege. Baba alikuwa mkata miwa katika mashamba ya sukari huko Kidatu, mama alilima mpunga. Nilipomaliza kidato cha nne nilipanda basi kwenda Dar es Salaam, nikapata kazi ya kufagia katika maabara ya tishu ya hospitali kubwa. Watu wengi hawajui maabara ya namna ile inafanya nini, na siku ya kwanza mimi pia sikujua. Niliona nta kila mahali. Nta sakafuni, nta kwenye viti, nta kwenye viatu vya mkuu wa maabara. Nikadhani ni kiwanda cha mishumaa.

Mkuu huyo aliitwa Mama Felista, mwanamke wa Songea, mfupi, miwani yake imefungwa kamba ya viatu. Alinikuta nikichungulia hadubini iliyoachwa wazi.

"Wewe mfagizi. Unaona nini humo?"

"Naona uchafu wa zambarau, mama."

"Uchafu huo ni ini la mtu. Mwombe radhi."

Nikaliomba ini radhi. Alicheka mpaka miwani ikaanguka, na kuanzia siku hiyo nikawa nafagia haraka ili nipate muda wa kusimama nyuma yake. Nilimwona akichukua kinyama kilicholala kwenye fomalini ili kisioze, akakiondoa maji kwa spiriti, akakizamisha kwenye nta ya moto, nta ikaganda nacho ndani. Kisha kile kitalu cha nta kikafungwa kwenye mashine, gurudumu likazungushwa, na utepe mwembamba ukatoka kwenye kisu ukining'inia kama uzi wa buibui. Utepe ukaelea kwenye maji ya vuguvugu, ukanyanyuliwa kwa kioo, ukapakwa rangi. Hapo ndipo daktari aliposema mtu huyu ana saratani au hana. Nikajiambia: kazi hii nitaifanya. Sikumwuliza mtu kama naweza.

Mara ya kwanza kuruhusiwa kushika gurudumu, kisu kilinila kidole. Mama Felista akanifunga bandeji na kusema kidole kilikuwa kinene kupita kiasi kwa uchunguzi, nikate tena. Ndivyo alivyofundisha. Lakini kuna jambo moja alilolifundisha bila utani, na ndilo lililonibeba maisha yote. Kila kioo cha kupima kwa rangi maalumu, alitaka kiwe na nyama mbili: ya mgonjwa, na pembeni yake nyingine ambayo tunajua lazima ishike rangi.

"Rangi ni shahidi," alisema. "Na shahidi unamhoji kwanza kwa jambo unalolijua. Akidanganya hapo, mfukuze. Akisema kweli, sasa mwulize habari za mgonjwa."

Vijana, mnaona inachosha kuweka nyama ya pili. Nimewaona mkiiacha foleni ikiwa ndefu. Endeleeni kusoma.

Nikapata cheti, halafu diploma, nikisoma asubuhi na kufanya kazi jioni. Kisha nikaenda Gaborone, ambako walikuwa wakitafuta mafundi wa tishu na mimi nilikuwa fundi. Nilikaa miaka mingi. Huko ndiko nilikojifunza kazi ya kingamwili, na hapa lazima niwaeleze taratibu, kwa sababu kisa nitakachosimulia kinasimama juu yake.

Kingamwili ni kitu kinachotafuta kitu kimoja tu katika nyama na kukiganda. Ukishamwagia rangi, mahali kilipoganda hugeuka kahawia. Kahawia maana yake nilichokitafuta kipo. Tulikuwa tukizitumia hasa kutafuta vipokezi vya homoni. Homoni za steroidi, yaani ya kiume, ya kike, na ile inayopanda mtu akiwa na msongo, mwili huzitengeneza kutokana na lehemu, yaani kolesteroli. Kwa kuwa zina asili ya mafuta, hupenya ukuta wa seli bila kupiga hodi. Ndani huvikuta vipokezi vyao, hushikana navyo, na kwa pamoja huamuru jeni zipi ziamke na zipi zilale kwenye kiini cha seli. Saratani ya tezi dume huishi kwa amri hizo. Ukiikatia homoni ya kiume, mara nyingi inanyong'onyea. Ndiyo maana wagonjwa wake hupewa sindano za kuizima, au huondolewa korodani.

Kibofu cha mkojo sikukifikiria kabisa katika habari hizo. Siku moja nikaona uvimbe wa kibofu umewaka kahawia kwa kingamwili ya kipokezi cha homoni ya kiume. Nikadhani nimechanganya vitalu. Nikarudia, ukawaka tena, na nyama ya pembeni ikawa sawasawa. Nikampelekea daktari wa tishu, mzee mmoja mpole sana aliyependa kunywa chai juu ya karatasi za watu.

"Hujachanganya," akasema. "Kibofu nacho kinaisikia homoni ya kiume. Wanaume wanaugua saratani hii zaidi kuliko wanawake, na sigara peke yake haielezi tofauti yote."

Akanieleza kuwa katika maabara, kipokezi kile kikiamshwa, seli za saratani ya kibofu huongezeka, hutambaa na kupenya msuli. Vipokezi vya homoni ya kike navyo vimo, kimoja kinaonekana kuzuia ugonjwa usianze, kingine kinaonekana kuusukuma, na wataalamu bado wanabishana. Tena si kila uvimbe una kipokezi. Mwingine hukipoteza kadiri unavyozidi ukali. "Kwa hiyo," akamaliza, "rangi hii inakwambia seli inasikia nini. Haikwambii imezaliwa wapi." Nikalishika neno hilo. Sikujua kuwa nalishikia mtu wa Mofu, huku bondeni kwetu.

Nilirudi Ifakara kwa hiari yangu. Naandika hivyo kwa sababu Kibaoni, mtaa nilikojenga, walisema nimefukuzwa. Jirani yangu aliniuliza mbele za watu, "Eti Ulaya wamekuchoka?" Nikamjibu kuwa Gaborone si Ulaya, na kwamba aliyefukuzwa hajengi nyumba ya bati la rangi. Watu wakacheka, naye akacheka, na mpaka leo ananisalimia "mzee wa Ulaya."

Hospitalini hakukuwa na maabara ya tishu. Vinyama vilisafirishwa Dar na majibu yalirudi mgonjwa akiwa ameshapona kwa njia nyingine au ameshazikwa. Nikasema tutakata hapa hapa. Mashine tulipata kuukuu, nikaifungua yote na kuifunga upya. Tatizo likawa joto. Joto la bonde hili linalainisha nta, na nta laini haikatiki, inajikunja tu mbele ya kisu. Inahitaji barafu, na barafu ya uhakika ilikuwa kwa wauza samaki. Kwa hiyo miaka ya mwanzo vitalu vyangu vilikaa juu ya barafu iliyotoka kwa mama muuza kambale, na maabara ikanuka mto. Daktari mmoja aliyekuja kutukagua alivuta pumzi, akaniuliza kama tunapika. Nikamwonyesha kioo. Aliangalia muda mrefu, hakuuliza tena habari za harufu.

Kazi ya kibofu ilikuwa nyingi, nanyi mnajua sababu. Watu wetu wanasimama kwenye maji ya majaruba ya mpunga tangu utotoni, na kwenye maji hayo kuna konokono wa kichocho. Mtu anakojoa damu, anameza dawa, inakoma, anarudi majini. Kwa wengine kidonda kinakaa miaka kwenye ukuta wa kibofu na mwishowe kinageuka. Ubaya ni kwamba damu ya kichocho na damu ya saratani zinafanana chooni. Mtu anaendelea kununua dawa ya kichocho dukani kwa ugonjwa ambao si kichocho tena.

Mzee Masanja alikuwa hivyo. Alikuja na ng'ombe kutoka Shinyanga zamani, akapata mashamba karibu na Mofu, akalima mpunga na kufuga. Alinunua dawa ya kichocho mpaka mwenye duka akamwambia aende hospitali. Alifika akiwa hawezi kukojoa, ameletwa na binti yake Kabula, mama wa watoto wakubwa, mwenye sauti ya kusikika wodi nzima. Dokta Nuhu, daktari wetu wa upasuaji, akampitishia mpira mkojo ukatoka, kisha akachungulia ndani na kukuta uvimbe kwenye shingo ya kibofu, pale pale kinapokutana na tezi dume. Tezi nayo ilikuwa ngumu. Akachukua vinyama akaniletea.

Seli zilikuwa mbaya, zimevurugika, hazina sura ya kwao. Na hapo ndipo penye ugumu: saratani ya kibofu hushuka kwenye tezi dume, na saratani ya tezi dume hupanda kwenye kibofu. Ukizikuta katikati, kwa macho hujui nani kamvamia nani. Tulizoea kutuma picha za vioo kwa simu kwa Dokta Rehema, daktari wa tishu aliyekuwa Dar. Akajibu kuwa hawezi kusema kwa picha hizo, anataka kingamwili.

Kwenye friji nilikuwa na moja tu inayohusika, ya kipokezi cha homoni ya kiume. Nikaitumia, nyama ya pili ikiwa pembeni kama kawaida. Zote mbili zikawaka kahawia.

Majibu yalimfikia Dokta Nuhu wakati mgumu. Wiki ile mabingwa wa njia ya mkojo kutoka Dar walikuwa kwetu kwa kambi ya upasuaji, orodha imejaa, na wangeondoka Jumamosi. Dokta akaona kahawia, akaona tezi ngumu, akaona mzee. Akampanga kuondolewa korodani Alhamisi. Kama ni tezi dume, ni operesheni ndogo, ya mara moja, bila sindano za maisha. Mtu mwenye busara angefanya hivyo.

Nilimkuta Mzee Masanja kwenye benchi nje ya wodi, mfuko wa mkojo ukining'inia ubavuni, Kabula akimmenyea chungwa. Nikamwamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka," akacheka matamshi yangu.

"Shikamoo baba," Kabula alisema. "Wewe ndiye wa maabara? Mwambie huyu mzee wako aache utani. Tangu asubuhi anawaambia manesi anakwenda kufanywa maksai."

"Si utani," Mzee Masanja akasema. "Mimi nimehasi mafahali tangu sijaota ndevu. Najua kinachofuata. Atanenepa, atatulia, atavuta jembe bila kelele. Mama Kabula atafurahi."

"Baba!"

"Nyamaza, nazungumza na mtu mzima mwenzangu." Akanigeukia, na sasa hakuwa anacheka. "Daktari kasema ndiyo njia, nimekubali. Mtu haendi na vitu hivyo kaburini akavitumie. Lakini nikuulize wewe. Nyama yangu wewe ndiye umeiona?"

"Mimi ndiye niliyeikata."

"Una hakika inataka hivyo?"

Vijana, nimeulizwa maswali na maprofesa, nikajibu bila kupepesa. Kwa lile nilimwambia anipe muda, nikaenda moja kwa moja kwa Dokta Nuhu.

Alikuwa akinawa mikono. Nikamwambia kuwa kipokezi kile kipo hata kwenye kibofu, na kwamba rangi yangu haijathibitisha tezi dume.

"Najua, Mzee Deo," akasema bila kugeuka. "Nimesoma hayo. Lakini nina mgonjwa asiyekojoa, kambi inaondoka, na wewe una kingamwili moja. Nifanye nini, nisubiri na uvimbe usubiri?"

"Kama ni kibofu, ukimtoa korodani utakuwa umemfanyia nini?"

Akafunga bomba. "Nitakuwa nimemwachia saratani yake na kumchukulia kilicho chake. Na hawa mabingwa, ambao ndio wanaoweza kutoa kibofu, watakuwa barabarani." Akanitazama. "Niletee jibu kabla ya Alhamisi nimfute kwenye orodha ndogo nimweke kwenye kubwa. Usipoleta, nitaendelea. Sitamrudisha nyumbani bila kitu."

Hilo ndilo lilikuwa dau, na lilikuwa la haki. Nikapiga simu Dar, kwenye maabara nilikofagia ujanani. Wenyewe walikuwa na kingamwili mbili nilizozitaka, moja inayotambua seli za tezi dume na nyingine inayotambua seli za ukoo wa kibofu. Nikawaomba matone tu. Wakaziweka kwenye chupa ya chai yenye barafu na kuikabidhi kwa kondakta wa basi la asubuhi. Nikamwambia kondakta kwa simu kuwa akiifungua aone kama kuna uji, mtu atakufa. Hakuifungua.

Basi likaharibika Kiberege. Nilipopigiwa sikungoja kusikia fundi anasemaje. Nikapanda bodaboda, dereva akaniuliza naenda msibani au harusini kwa haraka hiyo, nikamwambia bado haijajulikana. Nilimkuta kondakta amekaa sokoni kwenye kivuli cha kibanda cha mahindi, ameikumbatia chupa ile kama mtoto mchanga. Abiria wake walikuwa wameshamtania mpaka amechoka.

Nikarudi nikakata. Nikaweka kwenye vioo nyama ya Mzee Masanja, na pembeni kipande cha tezi dume na kipande cha kibofu ambavyo nilivijua asili yake. Kwenye kioo cha kwanza, kile cha kutafuta seli za tezi dume, kipande cha tezi dume kikawaka vizuri sana. Nyama ya mzee haikushika rangi hata kidogo.

Kijana aliyekuwa nami akapiga makofi. Nikamzuia. Kinyama kile kilikuwa kimelala kwenye fomalini kupita kiasi, sikukuu ilikuwa imepita katikati na hakuna aliyekitoa. Nyama iliyolala hivyo inaweza kukataa rangi hata kama kitu kipo ndani. Kipande cha pembeni kilithibitisha kingamwili ni nzima; hakikuthibitisha kuwa nyama ya mgonjwa bado inaweza kujibu. Hapo nikakumbuka kuwa nyama ile ile ilikuwa imeshawaka kwa kipokezi cha homoni, kwa hiyo haikuwa imekufa ganzi moja kwa moja. Hiyo ilinipa moyo, ila haikutosha. Kila kingamwili ina mahali pake pa kuganda, na fomalini huweza kufunika mahali pamoja ikaacha pengine. Nikangoja kioo cha pili.

Cha pili kikatoka. Kibofu cha pembeni kahawia. Mzee Masanja kahawia, viini vyote, kutoka ukingo mpaka ukingo, vimejipenyeza katikati ya nyuzi za msuli. Nikatuma picha zote, na za vipande vya pembeni. Dokta Rehema akapiga simu mwenyewe.

"Mzee Deo, hii ni ya kibofu, imeshuka kwenye tezi. Mwambie Nuhu korodani aziache."

Dokta Nuhu alisoma ujumbe, akamfuta mzee kwenye orodha ndogo, akaenda kuzungumza na mabingwa. Wakakubali kumfanyia Ijumaa, operesheni yao ya mwisho kabla ya safari: kutoa kibofu chote pamoja na tezi, na kumfungulia njia ya mkojo kwenye ubavu, ambayo ingetoa kwenye mfuko maisha yake yote.

Nilidhani sehemu ngumu imekwisha. Dokta alipomweleza, Mzee Masanja alisimama akaanza kukusanya nguo zake.

"Jana mlitaka vya chini, leo mnataka vya juu. Kesho mtataka kichwa. Kabula, twende."

"Baba, kaa kwanza wakueleze."

"Wameshanieleza mara mbili, na mara mbili ni maneno tofauti. Mnunuzi wa ng'ombe akibadilisha maneno namna hiyo unamfungia zizi."

Dokta Nuhu akanitazama. Alikuwa amesema yote ya kidaktari, na yote yalikuwa sahihi. Nikamwomba mzee anipe nafasi moja kabla hajaondoka, aje aone mwenyewe. Alinifuata kwa sababu ya hasira zaidi kuliko imani, mpira wake umeshikwa mkononi, Kabula nyuma yetu.

Nikamkalisha kwenye hadubini. Alichukua muda kulenga jicho. Nikamwonyesha kioo cha kwanza kabisa, cha homoni, nikamwambia doa lile ni mahali ugonjwa wake unapopokea homoni ya kiume, na tezi dume nayo hupokea hivyo hivyo, ndiyo maana tulidhani umetoka huko. Nikamwonyesha kioo cha pili, chenye asili ya kibofu. Akasogea karibu zaidi, jicho limebanwa.

"Ngoja," akasema. "Ng'ombe akifa akaacha ndama, tunamchukua ndama tunampaka harufu ya ng'ombe mwingine, ananyonya huko. Mgeni akija zizini akimwona ananyonya, ataapa kuwa yule ndiye mama yake."

"Ndivyo, mzee. Sisi tulikuwa mgeni zizini."

"Kwa hiyo huyu wangu ananyonya kwa fahali, lakini si wa fahali."

"Baba, fahali hanyonyeshi," Kabula akasema.

"Wewe nyamaza, mwenye nyama kaelewa." Akainua kichwa. "Sasa nikimtoa fahali, ndama huyu hatakufa njaa?"

Ningeweza kumdanganya, angebaki. Nikamwambia ukweli: wataalamu wanalichunguza hilo hilo, huenda kuizima homoni kunampunguzia nguvu ugonjwa wa namna hii, hakuna bado anayeweza kuahidi. Kinachojulikana ni kwamba umeshaingia kwenye msuli, na ukipita msuli utapanda kwenye tezi za nyonga na kwenda unakotaka. Leo una mpaka. Mwezi ujao sijui.

"Na mfuko huo wa ubavuni. Nitatembea nyuma ya ng'ombe?"

"Utatembea. Utajifunza kuumwaga na kuubadilisha. Kuinama sana mwanzoni watakukataza."

"Watu watasikia harufu?"

"Ukiubandika vizuri, hapana. Ukiubandika vibaya, ndiyo."

Nadhani jibu lile la pili ndilo lililomkalisha. Aliiangalia nyama yake tena, safari hii bila kuonyeshwa pa kuangalia. Kisha akamwambia Kabula arudishe nguo kwenye kabati.

Ijumaa walimpeleka chumba cha upasuaji, akatoka jioni bila kibofu, yu hai. Mabingwa waliniletea tezi za limfu za nyonga zake kwenye chupa, pande zote mbili. Hizo ndizo zinazosema kama ugonjwa umeshaondoka nyumbani. Nilizikata mimi, sikumwachia mtu. Nilikata kila moja tabaka juu ya tabaka, kwa sababu seli chache zinaweza kujificha katikati na kisu kikapita juu yao. Vijana walisema natumia vioo kana kwamba ni vyangu. Nikawaambia ni vya Masanja.

Dokta Rehema hakuamini picha za simu kwa kazi hiyo, akataka vioo vyenyewe. Vikaenda Dar. Tukasubiri, na mzee akisubiri kitandani, akijifunza mfuko wake kwa nesi ambaye alimtisha kuliko daktari. Alikuwa haulizi majibu. Kila nilipopita aliniuliza habari za mvua Mofu.

Majibu yalipokuja, yalisema tezi zote zimechunguzwa, seli za saratani hazikuonekana humo. Dokta Nuhu alikuwa kwenye operesheni nyingine, akanituma niende na karatasi, yeye angekuja kueleza mengine. Nikamsomea mzee. Nikamwambia pia kuwa hiyo si ahadi, kwamba ugonjwa unaweza kurudi na atapaswa kuja kuangaliwa kila atakapoitwa, asinunue dawa dukani tena.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akashusha miguu sakafuni, akauweka mfuko wake sawa chini ya shati kama alivyofundishwa, akaugonga kwa kidole kuona kama umeshika.

"Kabula," akasema, "viatu."